Darajani Alimtazama Nani

Kwa mjomba wangu, wanawake wote duniani walikuwa na sauti moja. Awe malkia, awe muuguzi, awe mama wa stelingi anayelia kaburini, mjomba aliwasemea wote kwa sauti ileile nyembamba, ya panya aliyebanwa na mlango, na watu wakacheka hadi wakamwaga chai. Alikuwa na ukumbi wa video Nakuru, nyuma ya duka la mbao. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nasema kutafsiri kwa heshima tu. Mjomba hakujua Kichina wala Kihindi. Aliangalia midomo inavyocheza, akatunga maneno yake mwenyewe, na hadithi ikimchosha aliigeuza.

Mimi nilikuwa msichana wa kukata tiketi mlangoni, mtoto wa dada yangu akiwa mgongoni kwa leso. Dada alikuwa ameenda Naivasha kwenye mashamba ya maua, na mtoto akabaki nami. Koo la mjomba lilipoharibika, nilikishika kipaza sauti kwa sababu hapakuwa na mwingine. Siku ya kwanza niliwasemea wanawake wa filamu kwa sauti yangu mwenyewe, nzito kidogo kama ya mama yangu. Ukumbi ukapiga kelele. "Wanawake wako wapi? Leta wanawake!" Basi nikajifunza sauti ya panya. Mwanamke mzima, naigiza mwanamume anayeigiza mwanamke, na wateja wakaridhika. Mtoto akilia mgongoni sikuweza kusimamisha hadithi, kwa hiyo nilisimama nikanesa magoti. Huku mabomu yakilipuka na stelingi akiruka kutoka ghorofani, huku mimi nanesa, nanesa, mpaka mtoto akalala.

Ni mambo ya zamani. Sasa naishi Aston, huku kwa Waingereza, chumba cha juu katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na nyingine, karibu na uwanja wa mpira. Siku za mechi barabara hujaa watu wanaoimba, na mimi hupita katikati yao na mfuko wangu wa ununuzi, nikijisikia kama niko na watu. Siku nyingine zote natunza wazee majumbani mwao. Simu ndiyo bosi wangu. Inaniambia nyumba gani, dakika ngapi, chakula au dawa au kuoga, na kabla sijamaliza kukausha sahani inalia kuniita nyumba inayofuata. Kutwa nzima nasema maneno yaleyale ya Kiingereza, habari ya asubuhi, umelalaje, inua mkono kidogo. Kiswahili changu nakisema Jumapili kanisani, na hapo pia kwa haraka, maana kila Mkenya mlangoni anakimbilia zamu.

Sitaficha, nilikuwa mpweke. Upweke wenyewe haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama unyevu wa ukutani katika nyumba za hapa, ukipakwa rangi unafichika wiki moja, kisha unarudi palepale. Yule mtoto wa mgongoni sasa ni mwanamke wa ofisi Nairobi. Namtumia ujumbe wa sauti mrefu wenye habari zote, ananijibu kwa kidole gumba.

Ndipo simu iliponipeleka mtaa wa Harborne, barabara ya kando iliyo nyuma ya maduka, kwa mwanamke mmoja Mjapani. Alikuwa mjane wa Mwingereza, umri umepita tisini, mdogo kiasi kwamba kiti kilimmeza. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Aliona fremu ya mlango lakini hakuona uso wa anayeingia, kwa hiyo alikuangalia kwa pembeni, kama kuku anavyokagua punje.

"Wewe ndiye mpya," alisema. "Unapumua sana."

"Ni ngazi za mlangoni mwako, Mama."

"Mama? Mimi sikuzaa."

"Kwetu ukifika umri unaitwa mama tu. Hata mimi sikuzaa, na naitwa hivyo."

Alicheka, akaniambia basi nimpashie mama huyo supu yake. Wenzangu kazini huwaita wazee kwa majina yao ya kwanza, kama watoto wa shule. Mimi ulimi unakataa.

Siku chache baadaye aliniomba niweke sahani fulani ya video kwenye mashine, nikae, nimwambie ninachokiona. Ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti hata kidogo. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha kazini. Mwanamke amekaa. Mwanamume ameingia. Mwanamume amekaa. Mwanamke amesimama.

"Wewe ni polisi?" akaniuliza. "Unaandikisha kesi?"

Nilikasirika. Mimi si mtu wa kuchekwa juu ya supu niliyoipasha mwenyewe. Nikamwambia filamu haina sauti na yeye haoni, sasa alitaka nifanye muujiza gani?

"Nataka msimulizi," alisema, bila hasira. Akanieleza kwamba zamani kwao filamu hazikuwa na sauti, lakini kumbi hazikuwa kimya hata siku moja. Mtu alisimama kando ya skrini akasimulia mambo yote, akasema kwa sauti za watu wote, mzee na mtoto na msichana. Watazamaji walikuja kwa ajili yake. Mwenye nyumba waliyopanga yeye na bibi yake aliwajua wasimulizi wote wa mjini kwa majina, na hakujua jina la mwigizaji hata mmoja.

Niliweka kijiko chini. "Mama, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

"Basi ifanye."

"Siwezi kuifanya kwa Kiingereza."

"Nani amekuomba Kiingereza? Filamu hii naijua kwa moyo. Nataka kumsikia mtu akiifuata."

Nikairudisha mwanzo. Mwanamke alikuwa amepiga magoti akimimina chai, na kizee kimoja kimemkodolea macho. Nikavuta pumzi. "Haya, jamani, karibuni, kaeni vizuri, wa nyuma wasogee! Mnamwona huyu mama mkwe? Huyu ndiye adui. Tangu asubuhi hajacheka." Maneno yalitoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mwanamke alipofungua mdomo nikamsemea kwa sauti ya mjomba, nyembamba, ya panya.

Yule bibi Mjapani akainua mkono. "Acha. Huyo ni mama yangu, na mama yangu hakuwa hivyo. Sauti yake ilitoka tumboni."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Nikamtazama vizuri yule wa kwenye skrini. Uso mviringo, shingo ndefu, mikono isiyo na haraka. Nikamsemea kwa sauti yangu mwenyewe, ile iliyofukuzwa Nakuru, na mwanawe akafumba macho akasikiliza.

Kuanzia hapo tuliendelea kipande kwa kipande, kila mchana, maana muda wangu pale ulikuwa nusu saa na chakula kilikuwa humohumo. Nilisimulia nikimenya viazi, nikisubiri jiko, nikifungua vidonge. Na yeye, katikati ya vijiko, alinisimulia mama yake.

Alizaliwa katika mji wa bandari, mtoto wa fundi wa miavuli. Alijiunga na kikundi cha michezo ya jukwaani akiwa msichana, akaanza kwa kubeba viatu vya wakubwa. Alipofika kwenye filamu, nafasi za wanawake bado zilishikwa na wanaume waliojipaka poda, na walikuwa hodari kwelikweli. Mmoja wao ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha. Alimfundisha jinsi mwanamke anavyotembea, anavyoinama, anavyolia bila kuharibu uso.

"Mwanamume alimfundisha mwanamke kutembea kike?" nikauliza.

"Na alimwambia bado hajaweza."

Nilicheka mpaka nikakalia kiti cha marehemu mume wake, ambacho hakikukaliwa na mtu. Nikamweleza habari za sauti ya panya, naye akacheka mpaka akakohoa. Mtu angetuona dirishani angedhani tuko wengi.

Mama yake akawa nyota. Uso wake uliuzwa kwenye kadi madukani. Kampuni ilimchagulia jina, nguo, na mtaa wa kuishi, na ikamkataza kuwa na mtoto, maana watazamaji walipenda awe mchumba wa kila mtu. Lakini mtoto tayari alikuwapo. Alifichwa kwa bibi yake na kufundishwa kumwita mama yake shangazi. Shangazi huyo alikuja mara mojamoja na keki, akakaa wima kama mgeni, akaondoka. Kisha filamu zikapata sauti. Watu walikuwa wamemzoea kwa sauti nyembamba za wasimulizi, na siku walipoisikia ile yake ya tumboni, ukumbi ulicheka. Akapewa nafasi za mama mkwe, halafu za jirani anayepita, halafu akaacha kuitwa. Filamu zake nyingi ziliungua au zilioza. Hii ilipatikana ghalani, na nakala yake ikatumwa Harborne.

Siku mama yake alipokuwa mahututi hospitalini, alimwambia binti yake neno moja. Katika filamu ya daraja, alisema, pale ninapogeuka, nilikuwa nakutazama wewe. Yaya alikuwa amekuleta mtoni kwa siri.

"Unaelewa kwa nini nataka msimulizi?" bibi aliniuliza. "Yeye alilipwa kudanganya kwa macho. Alikuwa bingwa. Miaka yote nilipokuwa naona nilimtazama pale darajani, sikuweza kuamua. Mtunzaji aliyekutangulia aliniambia anamwangalia mpiga picha. Sasa sioni, na mwisho wa mwezi nahamishwa."

Hilo la kuhama nilikuwa nimelisikia ofisini. Alikuwa ameanguka mara nyingi, na mpwa wa mumewe alikuwa amempatia nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake, mbali, pwani. Alichotaka kabla ya kuondoka kilikuwa hicho tu, ajue kama yule shangazi wa keki aliwahi kumtazama kama mama.

Nilirudi Aston nikiwa na mpango. Mjomba alikuwa na sheria moja, mteja asirudi kwake na huzuni aliyoilipia. Nikaanza kuutengeneza uongo mzuri, nikiujaribu mbele ya kioo kwa sauti yangu kubwa. Anageuka! Machozi yanamlenga! Anakutazama wewe, Mama, wewe peke yako! Jirani yangu wa chini, mama mmoja wa Bukavu, akanigongea mlango.

"Mama, uko na bageni? Niko nasikia watu wengi humu."

"Wageni wapi, mama? Ni mimi tu."

"Peke yako? Eh, pole, mama." Akaniletea sahani ya sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, na hakuuliza zaidi. Ile pole yake iliniuma kuliko kama angenicheka.

Hadithi ya filamu yenyewe ni rahisi. Mwanamke ameolewa, hazai. Mama mkwe anamsumbua, mume ananyamaza, mwisho anarudishwa kwao. Anavuka daraja la mbao akiwa peke yake, na katikati anageuka kuitazama nyumba. Wanawake wa aina hiyo nawajua. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa kwetu na begi, na mwaka uliofuata nikapanda ndege. Kwa hiyo sehemu za mama mkwe niliziongezea chumvi kidogo, na bibi aliniruhusu.

Siku ya daraja alikuwa amevaa vizuri, amechanwa nywele na mtunzaji wa asubuhi. Hakutaka kula.

"Leo usitunge," alisema.

Nadhani alinisikia nikimeza mate. "Sitatunga, Mama."

Nikawasha. Mwanamke akatokea mwisho wa daraja, mdogo, akisogea. Nikamfuata kwa Kiswahili polepole, hatua zake, upepo kwenye mikono ya nguo yake, mto chini. Alipofika katikati akasimama, akageuka. Nikanyamaza nikaangalia. Nilitaka sana macho yale yashuke chini, usawa wa mtoto. Hayakushuka. Yalipita kando ya kamera na kutua juu, pale ambapo pangekuwa na uso wa mtu mzima.

Ule uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Sikuweza. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya zile nywele zilizochanwa. Nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba haangalii chini. Anaangalia kando, usawa wa mtu mzima aliyesimama.

"Mtu mzima," alisema. "Basi. Ahsante kwa kunieleza." Akakunja mikono mapajani kama mtu aliyemaliza kula. "Sasa leta hiyo supu."

Nikaenda jikoni. Nilijichukia, nikamchukia na yule mwigizaji, na mjomba juu yake, maana sheria yake ilikuwa na maana. Supu ikaanza kuchemka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikisubiri, na magoti yangu yalikuwa yananesa. Huwa yananesa nikisubiri kitu chochote, basi, foleni, maji ya chai. Ni mazoea niliyotoka nayo ukumbini kwa mjomba. Nikayaangalia. Nikazima jiko.

"Mama," niliita kutoka mlangoni, "siku ile mtoni ulikuwa umesimama?"

"Nisimame vipi? Sikuwa nimefika mwaka. Nilikuwa mgongoni mwa yaya, kama watoto wote wa wakati ule."

Wenzangu waliozoea vigari vya kusukuma nawasamehe. Lakini mimi, niliyezeeka na alama ya leso begani, nilikuwa nimemtafuta mtoto chini sakafuni! Mtoto wa mgongoni kichwa chake kiko begani mwa mbebaji. Kinachungulia kando ya sikio lake, usawa wa mtu mzima.

Nikarudisha filamu nyuma, nikapiga magoti karibu na skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Anageuka. Macho yanakwenda kando, juu. Na safari hii nikaacha macho, nikamtazama mwili. Mabega yalipanda kidogo yakashuka. Pindo la nguo yake, lililokuwa limetulia, likagusa mbao za daraja, likainuka, likagusa tena. Alikuwa ananesa magoti. Mikono imelegea, mgongo hauna kitu, na ananesa polepole, kwa kipimo kile ambacho mtu haamui mwenyewe. Mwili huanza wenyewe ukimwona mtoto wako akilia mgongoni mwa mwingine.

"Mama," nikasema, "katika hadithi hii, huyu mwanamke ana mtoto?"

"Unajua hana. Ndiyo sababu anafukuzwa."

"Sasa anambembeleza nani?"

Akageuza kichwa, akanitazama kwa pembeni. Nikamweleza. Nikamwambia juu ya pindo la nguo na mabega, na kwamba nimeirudia ili nisije nikawa naota. Nikamwambia nilivyosimulia vita na mauaji huku nikinesa, na kwamba dada yangu, akija kutoka Naivasha, alikuwa akisimama mlangoni mwa ukumbi, mtoto akilia mgongoni mwangu, na yeye kule mlangoni, mikono mitupu, ananesa bila kujijua. Nilimtania sana kwa hilo. Nikamwambia, yule mwanamume aliyemfundisha mama yako kutembea hakumfundisha hivi, na hakuna mwongozaji ambaye angetaka mwanamke tasa afanye hivi darajani. Hilo lilimponyoka.

Machozi yalimshuka bibi, naye hakuyafuta.

"Nilikuwa nalia, basi," alisema. "Kule mtoni."

"Ulikuwa unalia, Mama. Alikuona."

"Miaka yote nimemtazama macho. Macho ndiyo yaliyolipwa." Akanyoosha mikono hewani akinitafuta. "Nionyeshe. Sioni, nionyeshe."

Nikamsaidia kusimama, nikamgeuzia mgongo, nikaiweka mikono yake mabegani mwangu. Nikaanza kunesa. Mwanzoni alinishika kwa vidole tu, kama mtu anayepima joto la birika. Kisha akaelewa kipimo, akasogea, akalaza shavu katikati ya mgongo wangu, na uzito wake wote ukaniegemea. Hakuwa mzito. Alikuwa na uzito wa mtoto wa kuanza shule, umri aliokuwa nao yule wangu wa mgongoni siku alipokataa kubebwa tena akatembea mwenyewe hadi langoni. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameuegemea mgongo wangu, na sikuwa najua kwamba mgongo wenyewe ulikuwa unasubiri.

Simu ikalia mfukoni kuniita nyumba inayofuata. Ikalia tena. Nikaiacha ilie, nikaendelea kunesa mpaka nikasikia pumzi yake imetulia.